Nionyeshe Unavyolala

Juzi katika harusi ya Fardosa nilitoa fahali watatu, na ninataka ijulikane kwamba hakuna aliyeniomba hata mmoja. Niliwaleta kwa lori langu mwenyewe, lile jipya, kutoka kwenye zizi langu la upande wa Bura, na nikasimama pale mpaka wa mwisho akachinjwa kwa utaratibu. Watu walinong'ona. Dekow si mjomba wa bibi harusi, si ami yake, hata ukoo hawatoki mmoja, sasa fahali watatu ni wa nini? Nilitabasamu tu, maana mtu aliyejijenga kwa mikono yake hahitaji kujieleza kwa kila anayekula nyama yake. Lakini katika kitabu hiki nimeahidi kusema kweli, hata ile inayonipunguza, kwa hiyo niiseme hapa mapema: miaka ishirini iliyopita Fardosa na mama yake Maryan walikaribia kuzikwa kwa sababu ya kalamu niliyoishika mimi. Nilikuwa nimekaa kivulini na wazee nikiyafikiria hayo wakati gari liliposimama na akashuka Daktari Nekesa, nywele nyeupe tupu, mkoba uleule begani. Aliwasalimu wazee kwanza, kama nilivyomfundisha zamani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Dekow, umenenepa." Nikamwambia, "Daktari, huo si unene, ni mafanikio." Akacheka, akasema anaingia upande wa wanawake kumwona mgonjwa wake. Mimi siwezi kuingia huko. Nikabaki nje kungoja, na katika kungoja mwaka ule ukanirudia wote.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, dereva wa lori la mifugo. Hapakuwa na silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, kati ya Kotile na Sangailu ambayo sikuijua, wala mzee aliyechimba kisima ambaye sikuwahi kunywa chai kwake. Nilikuwa nimefika mpaka Mandera na kurudi nikiwa na tairi moja isiyo na upepo. Kwa hiyo Daktari alipokuja Garissa akitafuta dereva mwenye Kisomali safi, watu watatu tofauti walimtajia jina langu, na wote walisema kweli. Aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia nimesoma mpaka panapotosha. Kweli yenyewe ni darasa la nne. Yeye alikuwa ameshasoma mpaka mahali ambapo mimi ningedhani shule zimekwisha: alikuwa daktari, tena daktari bingwa, na bado alikuwa anarudi darasani ili awe daktari wa moyo peke yake. Profesa wake aliyekuwa Nairobi alimpa mwaka mmoja kwetu wenye kazi mbili. Jumatatu mpaka Jumatano atibu wagonjwa wa moyo hospitalini. Alhamisi mpaka Jumamosi aende malishoni na mashine, atafute wale ambao koo liliwauma utotoni, homa ikapita, na kumbe ilipopita iliacha kovu kwenye milango ya moyo. Hao hawajijui. Wanachunga, wanazaa, halafu siku moja wanaanguka. Nilimuuliza kwa nini asichague kazi moja akaifanya vizuri. Akasema, "Kwenye kliniki nikikosea namuumiza mtu mmoja na ninamwona usoni. Kwenye utafiti nikikosea nawaumiza watu ambao sitawaona kamwe. Wanataka nijifunze kuogopa yote mawili." Niliona ni maneno ya watu waliosoma sana. Mimi wakati huo sikuwa naogopa kitu.

Alipanga vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, karibu na soko. Chumba cha mbele kilikuwa na meza mbili, na ninaweza kuzichora hata leo. Meza ya kliniki ilikuwa safi, faili zimepangwa, kipimo cha kusikilizia moyo kimekunjwa juu yake kama nyoka aliyeshiba. Meza ya utafiti ilikuwa na vumbi la Ijara, kule malishoni, fomu zimebanwa kwa jiwe, na mashine ya kuangalia moyo, ndogo kama sanduku la msafiri, ikichajiwa ukutani. Baina ya meza hizo tulikula. Jirani yake, mama mmoja mwenye hoteli, alituletea wali, nyama ya mbuzi na ndizi mbivu, na siku ya kwanza Daktari aliiweka ndizi pembeni akingoja amalize wali. Nikamwambia hiyo ndizi si ya mwisho, imegee humo humo kwenye wali. Alionja, na kuanzia siku hiyo hakula wali bila ndizi. Asubuhi ilikuwa anjera, chapati za maji za kwetu, na chai ya maziwa ya ngamia, na yeye akinywa huku anasoma. Alisoma akila, alisoma garini, alisoma akiwa amesimama kwenye tangi la maji uani, mahali pekee ambapo simu yake ilishika vizuri, akimngoja Profesa apige.

Wasaidizi wawili waliotoka naye Nairobi walikaa wiki mbili. Joto likawashinda, mmoja akaumwa tumbo, wote wakarudi. Ndipo Daktari akanitazama juu ya sahani ya wali akasema, "Dekow, unaweza kuandika namba?" Nikamwambia hakuna dereva wa mifugo asiyejua namba. Akanifundisha fomu ile kwa siku moja, na ninasema bila kujisifu kwamba mwenye digrii angehitaji wiki. Mimi nauliza kwa Kisomali, nasikia jibu, naandika. Yeye anasikiliza moyo, anaangalia fomu yangu, na akiona dalili anamweka mtu kwenye mashine. Si kila mtu aliwekwa, kwa sababu betri ilikuwa na mwisho wake na kule malishoni hakuna umeme. Maswali ndiyo yaliyochagua. Hebu elewa hapo vizuri: fomu yangu ilikuwa mlango, na mashine ilikuwa ndani.

Swali la saba lilisema: unalala na mito mingapi kichwani? Siku ya kwanza Kotile nilimuuliza mzee mmoja mbele ya wenzake, pale walipokuwa wakinywesha ng'ombe. Alikuwa amekalia barshi yake, kile kigogo kilichochongwa ambacho mchungaji hukiweka chini ya kichwa akilala ili asizame sana usingizini na mifugo ikaibwa. Alinitazama kama nimemuuliza ana ndege ngapi. "Warya Dekow," akasema, "huyu daktari wako anatafuta wagonjwa au anauza vitanda?" Mwingine akadakia, "Mwandikie mimi nalalia mgongo wa ndama." Wa tatu akasema, "Muulize na rangi ya shuka, Dekow wa Mito." Basi. Kwetu jina la utani likikukamata linakwenda nawe mpaka kaburini. Kabla ya jioni watoto walikuwa wakiniita Dekow wa Mito, na wiki iliyofuata mama mmoja muuza maziwa Garissa mjini, maili zote hizo, akaniita hivyo sokoni huku ananikabidhi chenji. Mimi, ambaye wanaume walikuwa wakisimama nikipita na lori.

Nikaacha kuliuliza. Nilijiambia barshi ni mto, kila mtu ana barshi yake au ana mkono wake, basi wote wana mmoja. Nikawa nafika swali la saba, naandika moja, naruka la nane. Fomu zikaenda haraka. Daktari akanisifu kwamba hajawahi kuona msaidizi mwepesi hivyo, na mimi sifa hiyo niliipokea, naikumbuka mpaka leo, ilikuwa tamu.

Kwa Maryan tulifika wakati wa ukame, kwenye herio, vibanda vya mikeka, za ukoo mmoja ng'ambo ya Sangailu. Alikuwa msichana hasa, mwaka wake wa kwanza katika ndoa, tumbo la miezi mitano au sita. Mumewe alikuwa mbali na ng'ombe. Aliyemjibia alikuwa mama mkwe wake, Eeddo Dahabo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ngamia, na hilo eeddo, shangazi, ni heshima tu, hatukuwa na udugu. Nikamuuliza Maryan kama anachoka. Dahabo akajibu, "Nani hachoki mwaka kama huu? Muulize ng'ombe." Nikageuza ukurasa. Kabla sijaandika, Dahabo akaongeza kwa wanawake waliokuwa pale, "Huyu mke wa mwanangu hulala amekaa, kama askari wa lindo. Anaegemea mikeka usiku kucha utadhani anangojea basi la Garissa." Wanawake wakacheka. Mimi nikacheka. Maryan alijifunika mdomo kwa shashi yake ya kichwani, akatazama chini. Daktari, ambaye alikuwa akimpima mwanamke mwingine, akauliza kwa Kiswahili, "Wanacheka nini?" Nikamwambia, "Mambo ya mama mkwe tu, Daktari." Na kalamu yangu ikaandika moja. Daktari akaja, akamsikilizia moyo, upepo ukivuma na mbuzi wakilia, akaangalia fomu safi isiyo na dalili, akamshukuru. Tukapanda gari.

Ilipita miezi miwili. Ilikuwa Jumatano, saa sita na nusu, Daktari amekuja kula na atarudi kliniki alasiri. Simu ikalia naye akatoka kwenda penye tangi. Dirisha lilikuwa wazi. Sikuwa nasikiliza, lakini Profesa alikuwa na sauti ya kuhutubia, na simu za siku zile zilivuja. Alikuwa akisema fomu za Ijara zinamshangaza. Watu wote hao, na hata mmoja halali ameinua kichwa? Hata wenye milango mibovu kabisa? Ama hao ndio watu wenye afya kuliko wote Kenya, ama kuna kitu. Nikamsikia Daktari akijibu kwa furaha, ile furaha ya mtu anayedhani ameokota lulu: labda ni kutembea, Profesa, labda ni maziwa, huenda miili yao inastahimili, hilo peke yake linaweza kuwa sura nzima ya kitabu changu cha utafiti. Aliporudi mezani macho yake yalikuwa yanang'aa. Mimi niliisukuma sahani pembeni.

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Daktari, hili swali la mito maana yake nini hasa?" Wewe msomaji unaona ajabu: miezi yote hiyo sikuwa nimeuliza. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayejifanya anajua. Akanieleza huku akimenya ndizi. Mlango wa moyo ukiziba, damu inarudi nyuma, maji yanajaa kwenye mapafu. Mtu akilala chali anazama. Kwa hiyo anajiinua bila kujua kwa nini, leo mto mmoja, kesho miwili, keshokutwa mitatu. "Na mwisho, Dekow, analala amekaa. Tukimwona mjamzito anayelala amekaa, hatungoji kesho. Mimba inapokua moyo unabeba watu wawili, na mlango ni uleule."

Nitasema kilichopita kichwani mwangu, maana nimeahidi kweli. Kilichopita kwanza ni kwamba hakuna anayejua. Daktari hajui Kisomali. Mwaka ukiisha ataondoka na kitabu chake, Dahabo hasomi, Maryan hasomi. Nilikaa na wazo hilo muda wa kumaliza chai, na chai ilikuwa baridi. Kisha nikamwona yule msichana akijifunika mdomo, na nikajua kwamba wakati ule hakuwa akificha haya, alikuwa akitafuta pumzi. Nikasema, "Daktari, yuko mmoja." Nikamwambia yote. Barshi, wazee wa Kotile, jina la utani, kalamu, kicheko. Sikumtazama.

Alinawa mikono polepole. "Ulimsikia mama mkwe akisema hivyo," akasema, "na ukaandika moja."

"Ndiyo."

"Wangapi uliwauliza kweli?"

"Wa siku ile ya kwanza."

Aliliondoa jiwe juu ya fomu, akazikumbatia zote, nikadhani atazitupa uani. Akaziweka chini ya meza. "Hizi baadaye. Huyo mama sasa. Miezi mingapi?" Nikahesabu kwa vidole, nikasema saba imepita. Akatazama saa, akachukua kipimo chake mezani. Nikamuuliza kama tunaondoka. Akasema, "Kuna watu kwenye benchi langu waliotoka Mandera kwa basi. Siwezi kuwarudisha kwa ajili ya kosa letu. Nikimaliza giza litakuwa limeingia na njia hiyo haipitiki usiku. Tia mafuta, tia maji. Alfajiri tutoke." Alisema letu. Angesema lako ningejitetea. Letu lilinifunga mdomo siku nzima.

Tulipofika Kotile Alhamisi asubuhi sikwenda kwa wazee. Nilikwenda kwa wanawake wa maziwa waliokuwa wamekaa na madumu yao wakingoja gari. Mwanamume mwingine angezunguka malisho wiki nzima, lakini mimi najua kwamba wanawake wa maziwa ndio ramani ya Ijara. Mvua ilikuwa imenyesha vipande vipande na watu walikuwa wamehama. "Dekow wa Mito," mmoja akaniita, "leo umeleta na magodoro?" Niliwaacha wacheke wamalize. Kisha nikauliza ukoo wa Dahabo uko wapi. Mmoja akafungua dumu, akanusa, akampa mwenzake naye akanusa. Kila mwanamke hufukiza chombo chake cha maziwa kwa moshi wa mti anaoupata karibu, na hawa walikuwa wanajua kila mti unakoota. "Haya yao ya juzi," akasema, "huu ni moshi wa kule bondeni nyuma ya Sangailu, penye silanga mpya. Lakini yule mke mdogo haleti tena. Siku hizi anakuja shemeji yake." Daktari akaniuliza amesema nini. Safari hii nilimtafsiria kila neno.

Tulifika baada ya swala ya adhuhuri. Maryan alikuwa amekaa kwenye mlango wa herio, ameegemea rundo la mikeka na miti ya kujengea, miguu imevimba, midomo si rangi yake. Alitaka kutusalimu, akaweza nusu ya salamu. Dahabo alisimama mbele yake kama ukuta. Daktari akasema lazima twende hospitali leo hii. Nikatafsiri. Dahabo akasema, "Mjini mtampasua. Mlimpima kwetu, mkasema mzima, mkaenda zenu. Ni nini kimebadilika?"

Wanaume wawili walikuwa wamesogea, na wanawake wote wa pale. Ningeweza kusema mashine ndiyo iliyokosea. Nikasema, "Eeddo, wewe ulisema analala amekaa. Nilikusikia. Nikacheka na sikumwambia daktari."

"Ulinisikia."

"Nilikusikia, eeddo."

"Ukaandika nini?"

"Niliandika ana mto mmoja."

Akageuka akatazama ndani ya herio, taratibu, kana kwamba anautafuta. "Mto gani? Wewe uliona mto hapa?" Hakuna aliyecheka. Ningetoa fahali wacheke.

Akamtazama Maryan, na nafikiri alikuwa anakumbuka kicheko chake mwenyewe pia. Kisha akasema, "Mwambie aiweke hiyo mashine kwangu kwanza." Wanawake wakaingia, mlango ukashushwa, na mimi nikasimama nje nimewapa mgongo, nikitafsiri kupitia ukuta wa mikeka. Katika maisha yangu nimenunua na kuuza kwa lugha nne, lakini sijawahi kuyatoa maneno kwa uangalifu kama mchana ule. Nilisikia Daktari akipaka dawa yake ya ubaridi na Dahabo akiitukana baridi hiyo. Halafu Dahabo akauliza, "Hiki kinachofunguka na kufunga?" Daktari akasema, mwambie ni mlango wa moyo wake. "Huu wangu?" Wako. "Unafunguka vizuri," akasema Dahabo, na katika hofu ile yote nilisikia majivuno kidogo, nikampenda kwa hilo. "Sasa yeye." Nilisikia pumzi za Maryan tu, fupifupi, kama za mbuzi aliyekimbizwa. Kisha sauti ya Dahabo, ndogo, si ile ya kuita ngamia: "Zizi limejaa, na mlango ni wa kupita ndama mmoja." Nikatafsiri. Daktari akajibu kutoka ndani, "Mwambie kwamba hata Profesa wangu hajawahi kunieleza vizuri hivyo."

Mlango ukainuliwa. Dahabo akatoka akaanza kuamrisha, mikeka yote garini, ipangwe nyuma ili akae, si kulala, akae, hamsikii? Akapanda naye. Mzee mmoja alipouliza ruhusa ya mume, alimwambia aliyemzaa mume huyo ni yeye.

Daktari alimchoma Maryan sindano ya kutoa maji, na kila baada ya mwendo mfupi ikabidi tusimame, Dahabo amshushe akajisaidie, amshikie nguo. Mara ya kwanza niliona tunachelewa. Daktari akasema, "Simama kila akitaka. Hayo ndiyo yaliyokuwa kifuani." Basi kila tuliposimama Daktari alimshukuru Mungu kwa lugha ya kwao na mimi nikasema alhamdulillahi. Karibu na Garissa nikamsikia Maryan, kwa mara ya kwanza, akisema sentensi nzima bila kukatika. Alimwambia mama mkwe wake, "Huyu dereva anapiga kila shimo." Sijawahi kusikia lawama nzuri kama hiyo.

Alikaa wodini majuma mengi, amelazwa kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, Dahabo chini kwenye mkeka. Daktari alimwona kila siku, siku za kliniki na siku ambazo zilipaswa kuwa za utafiti. Fardosa alizaliwa mapema kidogo, bila kupasua, mdogo kama kiatu changu. Mimi nilikuwa nje penye ukuta. Dahabo alitoka, akanipita, akarudi, akasema, "Wote wawili," basi, na akaenda kutafuta maji ya kutawadha. Watu husema nililia. Nililia, ndiyo, na nililia vizuri. Baadaye Daktari akampeleka Maryan Nairobi, wakampitishia puto dogo kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, wakalipuliza, mlango ukafunguka. Na sindano ya kila mwezi, ya kuzuia ile homa ya koo isirudi, hajaikosa mpaka leo. Kwa miaka mingi niliipeleka mimi mwenyewe kwenye boksi la barafu, na nikiwa na safari lori jingine likaipeleka, na dereva alijua kwamba akichelewa asirudi.

Zilibaki zile fomu chini ya meza. Nilimtazama Daktari akizipitia zote, swali la saba, mstari mwekundu, swali la saba, mstari mwekundu. Nusu mwaka wa kazi yake. Alisimama penye tangi akamwambia Profesa mwenyewe, hakungoja kuulizwa. Nilimsikia akisema, "Msaidizi aliandika majibu ya uongo, lakini swali nililileta mimi kutoka Nairobi. Nilikuja kuwauliza mito watu wasio na mito." Profesa alinguruma muda mrefu. Alipokata simu nilimwambia anifukuze. Akasema, "Nikufukuze, halafu nani atanipeleka kwao wote tena? Utanirudisha kwa kila mmoja."

Na nilimrudisha. Miezi yote iliyobaki, silanga kwa silanga, nusa kwa nusa. Swali la saba alilifuta akaandika jingine, na hilo alitaka nilitamke vilevile bila kuongeza: nionyeshe unavyolala. Hakuna cha kuandika moja hapo. Inabidi mtu ashuke chini, nawe utazame. Yule mzee wa Kotile alilala juu ya barshi yake mbele ya wote, akakoroma ili tuamini, na watu wakacheka, na safari hii nilicheka kwa haki. Wengine walijilaza na baada ya muda kidogo wakaanza kuinuka polepole bila kujua wanainuka, na hao tuliwaweka kwenye mashine. Kitabu cha Daktari kilipotoka, chembamba kuliko alivyotarajia, alinionyesha ukurasa unaosimulia kosa lile. Nikamuuliza jina langu limo. Akasema, "Kosa limo, jina halimo." Nilikasirika na nikapumua, yote kwa pamoja.

Watu huniuliza siri ya mali yangu, kwamba nilianza na lori la mtu na sasa soko la ng'ombe la Garissa haliwezi kufunguliwa vizuri kabla sijafika. Nitaitoa bure. Simuulizi muuzaji kama ng'ombe wake ni mzima. Nasema, mtembeze. Halafu nakaa kimya natazama, na nikiwa sijaelewa ninauliza, hata wanicheke. Hilo la mwisho ndilo lililonigharimu kujifunza.

Joto lilikuwa limepanda na ngoma zimetulia kidogo Daktari alipotoka upande wa wanawake, kanga mpya begani waliyomvika. Nilisimama. Eeddo Dahabo, Mungu amrehemu, hakuishi kuiona siku hii, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Umemwona Maryan?"

"Nimemwona. Amechoka na harusi, siku tatu hajapumzika. Wamemtandikia mkeka chumba cha nyuma. Amelala."

Nilibaki nimesimama. Daktari alinitazama, akaelewa, akaweka mkoba wake juu ya kiti. Mwanamke yule, ambaye siku hizi anafundisha madaktari wengine, mbele ya wazee wote wale, aliunyosha mkono mmoja hewani ukawa sawa kama ardhi, kiganja juu. "Hivi," akasema. "Chali kabisa. Mkono wake chini ya kichwa. Na anakoroma, Dekow."

Barabarani vijana walikuwa wameanza kupiga honi za magari ya kumchukua bibi harusi. Nikaenda mpaka kwenye gari la kwanza nikawaambia wanyamaze, wangoje. Wakauliza wangoje mpaka saa ngapi, na nani amesema. Nikawaambia mama wa bibi harusi amelala, na fahali mliokula ni wangu.